SOMO: 3T3-L1 (seli za panya zinazogeuzwa kuwa seli za mafuta) na insulini, someni hapa kabla ya kuniuliza

Kila wiki inboksi ni ile ile, "sebo, insulini yangu haifanyi kazi". Insulini haina shida, ni seli zako ambazo bado hazijawa seli za mafuta.

1. Zikuze kwenye DMEM (media, yaani maji ya lishe ya seli) na seramu ya ndama, nyuzi 37, CO2 asilimia 5.

2. Hamisha kwenye chupa mpya zikifunika asilimia 70 hivi ya chupa. Hapa ndipo watu wanaharibu kazi. Ukiziacha zijae chupa, zile zenye uwezo wa kugeuka mafuta zinaacha kugawanyika, zinabaki sugu tu, na kila ukihamisha unazidi kufuga sugu, mwishowe una chupa nzima inapendeza kwa macho lakini haiweki hata tone la mafuta. Hazirudi hizo!! Tupa, toa nyingine zilizogandishwa kwenye nitrojeni. Na usiniambie "zilijaa kidogo".

3. Kwenye sahani ya mwisho ndiyo ziache zijae, ongeza siku mbili, halafu badili seramu iwe FBS (ya kijusi cha ng'ombe) na utie dawa za kuzigeuza: IBMX milimola 0.5, deksamethasoni maikromola 1 na insulini. Baada ya siku mbili insulini peke yake, siku mbili tena, kisha media tupu yenye FBS. Siku ya 8 hadi 10 utaona matone yanang'aa.

4. Zinyime seramu masaa mawili au zaidi, weka insulini nanomola 100, dakika 20.

5. Barafu papo hapo, osha kwa PBS (maji ya chumvi) baridi, mimina ukutani mwa kisima (kitundu cha sahani), zinabanduka upesi.

Unachotafuta: insulini inawasha kimeng'enya PI3K, kinatengeneza PIP3 (mafuta ya ishara) upande wa ndani wa utando, kimeng'enya Akt kinaishika PIP3 kwa kipande chake cha PH, kinatiwa fosfeti sehemu mbili, Thr308 na Ser473, nacho kinaizima AS160 (breki ya protini Rab10), Rab10 inakuwa huru na vifuko vya GLUT4 (mlango wa glukosi) vinapanda kwenye utando.

Maswali

– Sebo nimefuata yote, hakuna kitu, nisaidie haraka nina prezentesheni kesho
– Zilijaa chupa?
– Wikendi tu
– Namba 2.

– Mimi Akt ina fosfeti vizuri ila GLUT4 haionekani juu, kwa nini?
– Swali zuri sana nyabo. Hata seli ambazo hazijageuka zina Akt inayoitikia insulini, ila GLUT4 hazina, kwa hiyo pima kwanza kama GLUT4 ipo. Ikiwepo, angalia antibodi yako: ikishika sehemu ya ndani haitakuambia kilichofika nje, tumia GLUT4 yenye alama ya HA (kipande kinachoshikwa na antibodi) kwenye kitanzi cha nje, usitoboe utando. Weka na kisima cha wortmannin (inazima PI3K) nanomola 100, hapo GLUT4 isipande.

– Insulini yangu ina ukungu
– Umeyeyusha kwa maji matupu. Tia HCl kidogo.

– Umeme ukikatika je?
– Usifungue inkyubeta kuchungulia.

– Na kuzipeleka kwa boda?
– Jaza media mpaka shingoni isicheze cheze, iwe na HEPES (inazuia asidi kubadilika), kaza kifuniko, na usiweke barafu
– Afadhali umesema, mimi nilikuwa naweka barafu