Kona ya kitambaa cha meza isijikunje

Unapodarizi ukingo kwa mshono wa blanketi (mishono iliyosimama, iliyounganishwa na uzi unaopita ukingoni), ukifika konani piga mishono mitatu kutoka tundu moja la ndani, lililo mbali sawa na kingo zote mbili: wa kwanza umalizie upande wa zamani, wa pili uelekee kwenye ncha ya kona, wa tatu uanze upande mpya. Uzi ulale chini ya ncha ya sindano kabla hujavuta. Huo wa katikati ndio muhimu: unaushikilia uzi wa ukingoni pale kwenye ncha, la sivyo uzi huo unakata njia ya mkato na kona inajikunja. Kwenye kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizoachana, tundu hilo moja hupanuka na nyuzi huchomoka. Hapo achanisha kidogo matundu ya mishono hiyo mitatu. Uzi mnene nao huacha kinundu.