Risasi ya raifo ya kuwindia: unachaguaje, na kwanini .375 haijang'oka mpaka leo

Mtu akishapata kibali cha kuwinda na bunduki inayomilikiwa kihalali, swali linalofuata ni kaliba gani, yani unene wa risasi (namba zinazoanza na nukta ni sehemu ya inchi), na hapo ndo ubishi wa kijiweni unaanza, huyu .458, yule .300 Magnum, kila mtu anasifia aliyonayo. Mi nakwambia anza na mnyama aliyeandikwa kwenye kibali chako, alafu bega lako, alafu risasi zinazopatikana dukani. Sifa za kaliba zije mwisho.

Historia kidogo maana inasaidia kuchagua. Enzi za baruti nyeusi ukitaka nguvu ulikuwa huna ujanja zaidi ya kuongeza unene, ndo maana miaka ya 1870 mwindaji Mwingereza Frederick Selous (huyu huyu aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917, pori likaja kuitwa jina lake) alikuwa anapiga tembo na magobore yanayotupa tufe la karibu robo ratili, na mwenyewe baadae alijuta, alisema lile teke la bunduki begani lilimharibia shabaha. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, kasi ikapanda sana, kichwa cha risasi kikaweza kuwa chembamba na kirefu na bado kikapenya mfupa. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio, 1905 Otto Bock wa Berlin akatoa 9.3x62 (hizi ni milimita) ili iingie kwenye Mauser, raifo ya Kijerumani ya kawaida ya bei nafuu, walowezi wa Kijerumani Afrika wakaipenda, 1911 ikaja .416 Rigby, na 1912 Holland & Holland wa London wakatoa .375 H&H Magnum.

Sasa kuna watu watakuletea habari za Bell, yule Mskoti wa Karamoja kule Uganda aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kikaliba cha 7x57. Ni kweli, ila wanachosahau ni kwamba jamaa alipasua fuvu la tembo katikati kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, alikuwa anatumia vichwa virefu visivyopasuka, na mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa kwako na wa kwangu. Usiige.

Tuje kwenye kuchagua. Kama kibali chako ni swala, ngiri, kongoni, nyumbu, .30-06 (ya mwaka 1906) au .308 (ya 1952) inatosha kabisa, kichwa cha gramu 11 na ushee, teke linavumilika, na risasi zake ni rahisi kupata. Pofu nae anaangushwa na .30-06 yenye kichwa kigumu ila ni mnyama mkubwa bana, ukiwa na .375 unalala usingizi. Kwa nyati, simba na wenzao Tanzania kima cha chini ni .375, hapo hamna mjadala, na hiyo 9.3 niliyoitaja ukiigeuza kuwa inchi ni .366, chini ya .375, kwa iyo uliza ofisi ya wanyamapori kabla hujatoa hela.

Kwanini .375 na sio kubwa zaidi? Inatupa gramu 19.4 kwa kama mita 770 kwa sekunde, inapenya nyati vizuri na bado unaweza kupigia swala bila kumsambaratisha. .416 na .470 zina nguvu zaidi kweli, lakini nguvu hiyo inarudi begani kwako, na mtu anayeogopa teke anafumba macho na kuvuta triga kwa mshtuko, anajeruhi mnyama, alafu mnaanza kumfata nyati mwenye hasira kwenye majani marefu. .470 ni ya bunduki za mitutu miwili, bei yake hata sisemi. Kasi ya kupiga mbali nayo isikuhangaishe, nyati wa miombo unampigia chini ya mita 100.

Kitu ambacho watu wanakipuuza kuliko vyote ni kichwa chenyewe. Mwaka 1946 John Nosler wa Marekani alimpiga mnyama mkubwa jamii ya kulungu, kichwa kikapasukia kwenye ngozi yenye tope lililokauka bila kuingia ndani, akaenda akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, mbele kinafunguka nyuma kinabaki kizima, akaanza kukiuza 1948. Basi kwa nyati weka softi (kichwa kinachofunguka kikigonga) ya aina hiyo au ya shaba tupu iwe ya kwanza, zinazofuata kwenye magazini ziwe solidi (kichwa kigumu kisichofunguka), maana akigeuka kukimbia unahitaji kitu cha kupenya kutoka nyuma. Lakini solidi inaweza kumtoboa ikatokea upande wa pili, kwa iyo kwenye kundi angalia nani kasimama nyuma yake.

Ukinunua, toa risasi mojamoja kwenye boksi ugeuze kitako. Ya H&H imeandikwa 375 H&H MAG kuzunguka fataki (kile kiduara cha katikati kinachogongwa), na juu kidogo ya kitako ina mkanda wa shaba uliotuna. Ikiandikwa 375 RUGER ni kitu kingine, haina ule mkanda, usiijaribu kwenye bunduki yako. Vile vile .308 na .30-06 vichwa vyake ni vinene sawa ila maganda ni tofauti, usichanganye mfukoni. Yenye kutu ya kijani, iliyobonyea au ambayo kichwa kinacheza weka pembeni. Alafu usiziache kwenye dashibodi ya gari juani mchana kutwa, baruti ikipata joto presha inapanda, ganda linaweza kung'ang'ania chemba (pale risasi inapokaa ndani ya bunduki) usiweze kulitoa, na hapo nyati anakuangalia.

Kabla ya safari nenda renji (uwanja wa kupigia shabaha) na boksi lile lile utakalowindia, maana ukibadili uzito wa kichwa risasi inaangukia sehemu nyingine, rekebisha darubini upya, na pitisha softi na solidi zote kwenye magazini kwa haraka uone kama kuna inayokwama.