Kuwapokea Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza katika Jumuiya ya Kikristo Chuoni

Mapokezi yaanzie kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kwa kuwa mgeni anayeshuka usiku akitokea Kigoma au Bukoba, akiwa na sanduku, ndoo na godoro lililokunjwa, huhitaji mtu wa kumfikisha Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya kuhitaji mahubiri. Msaidieni kukamilisha usajili na kupata chumba. Ibada ya kwanza iwe fupi, na nyimbo ziwe zile wanazozijua Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani kwa pamoja; wimbo usiofahamika humwacha mgeni akichezesha midomo tu. Habari za michango zisubiri. Baada ya wiki mbili, asiyeonekana atembelewe bwenini na mwenzake wa kozi ileile, wala si na mwenyekiti wa jumuiya.