SOMO: Namna ya kuendesha kikundi cha kusoma hadithi za sanaa na wasanii

Habari zenu wakuu. Swali la kikundi cha kusoma hadithi za wachoraji na wasanii limeulizwa mara nyingi mno, na kila mara najibu yaleyale. Leo naliandika lote mahali pamoja. Naomba usome hadi mwisho ndipo uulize.

Hatua ya 1. Watu watano hadi wanane. Wakizidi hapo, wawili wataongea na wengine watabaki kusikiliza.

Hatua ya 2. Siku moja ya mwezi, isiyobadilika.

Hatua ya 3. Anzeni na hadithi fupi, na mzipange kwa swali, msizipange kwa jina la msanii. Mkisema "mwezi huu tunasoma kuhusu Van Gogh", mtaishia kusimuliana habari za mchoraji huyo kujikata sikio. Mkisema "mwezi huu tunauliza kazi ya sanaa inamgharimu nani", mna mjadala. Kwa swali hilo chukueni "The Oval Portrait" ya Edgar Allan Poe (1842) pamoja na "Jigokuhen" ya Akutagawa Ryūnosuke (1918), ile ya mchoraji aliyeagizwa kuchora jehanamu kwenye kisitiri cha kukunja. Katika hadithi zote mbili anayelipa kwanza si mchoraji. Ya Poe ni kurasa chache tu, na ya Akutagawa inasomeka kwa jioni moja. Zikikaa pamoja zinaulizana maswali zenyewe, na kazi ya mwongozaji inakuwa nyepesi.

Hatua ya 4. Mteueni mtunza ukweli. Huyu ndiye peke yake anayesoma wasifu wa msanii halisi, kama yupo, na ananyamaza hadi dakika ishirini za mwisho. Mkutano unaofuata, zamu inahamia kwa mwingine.

Hatua ya 5. Maandishi kwanza, picha baadaye. Hapa ndipo vikundi vinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hadithi ikihusu mchoro fulani, mtu wa kwanza kuisoma ataurusha mchoro huo kwenye kundi la simu kwa nia njema kabisa. Tangu dakika hiyo hakuna anayesoma tena. Kila mmoja anakagua: mwandishi kasema kilemba ni cha buluu, ndiyo, ni buluu, kasema hereni ni ya lulu, ndiyo, ipo. Sentensi zinageuka maelezo ya chini ya picha, na mwandishi anapimwa kama mpiga picha. Mnapoteza kile hasa mlichokutanikia, yaani kuona namna maneno yanavyojenga kitu ambacho jicho halijakiona. Kwa hiyo someni, jadilini, kila mtu aseme au aandike mchoro anaouona kichwani, ndipo mfungue picha. Ile tofauti kati ya mliyoyaona wenyewe na kilichomo kwenye picha ndiyo nusu saa bora ya mkutano mzima.

Tahadhari, na hizi si za kupuuza:

Jalada la kitabu. Riwaya nyingi za wachoraji huchapishwa na mchoro wenyewe mbele. Lifunikeni kwa karatasi. Utaambiwa unazidisha, funika hivyohivyo.

Msitafute mchoro wa kubuni. Kama mwandishi ameubuni, mtandao utawapa "unaofanana nao", na huo utawakaa kichwani milele.

Msimwachie mtunza ukweli aanze mapema. Akishasema "lakini kwa kweli haikuwa hivyo", hadithi imekufa mezani.

Hatua ya 6. Chagueni aya moja inayoonyesha mkono ukifanya kazi, na mtu mmoja aisome kwa sauti, polepole, mara mbili. Katika "Le Chef-d'œuvre inconnu" ya Balzac (1831) kuna mzee Frenhofer anayechukua brashi na kuanza kurekebisha mchoro wa mwenzake mbele ya kijana Poussin. Anagusa hapa, anagusa pale, haraka haraka, huku mdomo ukieleza kila mguso, na picha iliyokuwa imelala inaamka. Mkisoma kimyakimya mtalipita tukio hilo. Likisomwa kwa sauti, kila mtu anaanza kuangalia mkono.

Hatua ya 7. Kabla ya kuondoka, chagueni swali la mwezi ujao. Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu somo zuri sana. Naomba orodha ya vitabu na PDF zake.

Jibu: Majina na miaka yapo hatua ya 3 na ya 6. PDF sisambazi. Poe na Balzac hakimiliki zao zilikwisha zamani, utawapata bure na kwa halali. Akutagawa alifariki 1927, maandishi yake ya Kijapani nayo yako huru, ila tafsiri unayoitumia inaweza kuwa bado mali ya mfasiri. Angalia kwanza.

Swali: Mimi sijasomea sanaa. Naruhusiwa?

Jibu: Hakuna hatua inayodai cheti, ndugu yangu. Asiyesomea huwa na faida moja: husema anachokiona kabla ya kusema anachokijua. Njoo.

Swali: Sikubaliani na hatua ya 5. Picha kwanza inawavutia watu wasiopenda kusoma.

Jibu: Inawavutia kwenye picha. Kama lengo lenu ni kutazama picha, anzisheni kikundi cha kutazama picha, nacho ni kitu kizuri kabisa. Hiki ni cha kusoma.

Swali: Sawa, lakini hujajibu. Watu wasipokuja je?

Jibu: Nimejibu. Ila nakuongezea: mwambie mgeni kwamba mwisho wa mkutano kuna picha itakayofunguliwa. Kuisubiri nako kunavuta watu.

Swali: Nimeisoma hiyo ya Balzac jana usiku na sijalala vizuri. Mzee anafanya kazi miaka kumi, anafunua mchoro, na wenzake wanaona fujo la rangi na mguu mmoja tu kwenye kona. Sasa hapa picha ya kufungua mwishoni haipo. Tufanyeje?

Jibu: Swali hili nimelipenda sana. Pale ambapo mchoro haupo, wapeni watu karatasi na kalamu, kila mtu achore fujo lile kama anavyoliona, na auweke ule mguu. Haijalishi mkono ni mbovu. Halafu zitandazeni zote mezani. Utaona aliyeweka mguu mkubwa, aliyeuficha, na aliyechora mwanamke mzima maana anaamini kwamba mzee alikuwa sahihi na wale wawili ndio waliokuwa vipofu. Mjadala wenu ni huo.

Na kuna ya kumpa mtunza ukweli. Mchoraji Émile Bernard amesimulia kwamba mchoraji mwenzake Cézanne, hadithi hii ya Balzac ilipotajwa mbele yake, alijigonga kifua kwa kidole kuonyesha kwamba Frenhofer ni yeye, na macho yakamlenga machozi. Mchoraji Picasso naye aliitolea michoro katika toleo lililochapishwa na Vollard 1931, kisha baadaye akakodi studio Paris kwenye rue des Grands-Augustins, mtaa uleule ambao hadithi inaanzia. Humo ndimo alimochora Guernica, mchoro wake mkubwa wa vita, mwaka 1937. Fungueni michoro hiyo ya Picasso baada ya yenu, si kabla.

Swali: Kikundi chetu kimegawanyika juu ya "The Moon and Sixpence" ya Maugham. Nusu wanasema hatuwezi kusoma kitabu kinachomsifu mchoraji Gauguin licha ya aliyowatendea mkewe na wasichana wa Tahiti.

Jibu: Wenye wasiwasi wasinyamazishwe, wana hoja nzito. Kinachosaidia ni kuwatenganisha watu wawili: Strickland, mhusika wa riwaya, na Gauguin, mchoraji halisi ambaye maisha yake yalimpa Maugham mhusika huyo. Strickland wa riwaya (1919) ni Mwingereza, anaacha kazi ya soko la hisa na familia ghafla kana kwamba amepigwa na radi, na anakufa kwa ukoma Tahiti. Gauguin alikuwa Mfaransa. Alichora huku bado ana kazi, akaonyesha kazi zake pamoja na waimpreshonisti (kundi la wachoraji wa Paris) tangu 1879, na kazi ya hisa ilimponyoka baada ya soko kuanguka 1882. Alikwenda Tahiti 1891, akafariki 1903 visiwa vya Marquesas, na hakufa kwa ukoma. Strickland anataka nyumba aliyoijaza michoro ichomwe moto. Mbao alizochonga Gauguin kwa ajili ya nyumba yake ya mwisho zipo hadi leo kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris.

Sasa ulizeni: kwa nini Maugham alihitaji ule ughafla? Mtu aliyepigwa na radi halaumiwi sana kama mtu aliyeamua polepole, mwaka hadi mwaka. Kitabu kinamsamehe kwa mbinu ya usimulizi, na msomaji anayeiona mbinu hiyo halazimiki kusamehe pamoja nacho. Hao waliogawanyika wanaweza kukutana hapo.

Swali: Picha zenyewe tunaziangalia kwenye simu. Inatosha?

Jibu: Inatosha kwa rangi, kwa kiasi. Chukueni picha kutoka tovuti ya makumbusho yenyewe, kwingine rangi huwa zimechezewa. Kinachopotea ni ukubwa.

Mwanachama mwingine: Niongezee hapo mkuu. Sisi hukata karatasi kwa vipimo halisi. Ule mchoro wa Vermeer wa msichana mwenye hereni ya lulu, uliopo makumbusho ya Mauritshuis kule The Hague, Uholanzi, ni sentimita 44.5 kwa 39. Watu walishangaa, walidhani ni ukuta mzima. Guernica tuliipima sakafuni kwa kamba: mita 3.49 kwa 7.77. Chumba hakikutosha.

Jibu: Hii naiingiza kwenye somo. Asante sana.

Swali: Lazima wawe wachoraji tu? Na kwa Kiswahili hakuna kitu?

Jibu: Si lazima, na kipo. Shaaban Robert ameandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyefariki 1950. Someni hasa pale wanapomcheka sura na asili yake, na namna anavyowajibu kwa kuimba. Hatua ya 5 haibadiliki: sauti yake ipo kwenye santuri zilizorekodiwa tangu 1928, lakini msiifungue mpaka mmalize kusoma na kila mtu ameeleza sauti anayoisikia kichwani.

Swali: Tuna mwenzetu asiyeona. Ile sehemu ya kufungua picha anaachwa nje, na inaniuma.

Jibu: Kwake picha ifunguliwe kwa maneno. Mtu mmoja aanze na ukubwa, kisha kilichopo katikati, kisha kushoto na kulia, mwisho mwanga unatoka upande gani. Maneno kama "nzuri" na "ya huzuni" asiyatumie mpaka mwenzenu ameuliza maswali yake. Akiuliza "mkono wake uko wapi?", mtagundua wangapi mlikuwa hamjautazama mkono. Na hiyo karatasi ya vipimo halisi, mpeni aishike.