Namna ya Kusoma Utafiti wa Makazi na Uraibu

Unaposoma kazi ya Sam Tsemberis, mwanasaikolojia aliyeanzisha jijini New York mwaka 1992 mpango wa kumpatia nyumba mtu asiye na makazi bila kumshurutisha aache kwanza pombe au dawa za kulevya, tazama kwanza ni kipi hasa kilichopimwa. Jaribio kubwa la mpango wa aina hiyo nchini Kanada katika miji 5, ikiwemo Toronto na Vancouver, lilionyesha kwamba waliopewa nyumba walidumu humo kuliko waliobaki na huduma za kawaida, ilhali matumizi ya dawa hayakutofautiana sana. Kwa haki kabisa, usiuhukumu mpango wa makazi kana kwamba ulikuwa tiba ya uraibu. Kisha chunguza kodi ya nyumba inalipwaje: katika mpango wa aina hii, kwa kawaida mpangaji huchangia asilimia 30 ya kipato chake.