Jinsi ya kupata viwango rejea vya picha ya damu kwa watu wazima wa eneo lako

Kijana anacheza mpira kila jioni, hana homa wala kidonda, lakini nutrofili zake (aina ya chembe nyeupe za damu) ni 1.4 × 10⁹ kwa lita na mashine imeandika "chini". Mara nyingi haumwi. Waafrika wengi, hasa wasio na antijeni ya Duffy (alama ya kurithi) kwenye chembe nyekundu, huzaliwa hivyo na hupambana na maradhi vizuri tu. Kumwita mgonjwa kwa viwango vilivyopimwa Ulaya au Marekani ni kumwonea.

Hatua ya 1: Tafuta watu. Kazi yenyewe iko hapa. Baada ya mchujo ubaki na wanaume 120 na wanawake 120, kila kundi na viwango vyake kwa sababu hemoglobini hutofautiana. Wakisharidhia, pima VVU, homa ya ini B, malaria na ujauzito. Ondoa pia waliochangia damu karibuni. Halafu pima choo na mkojo, tafadhali usiruke. Mwenye minyoo au kichocho anaweza kujiona mzima kabisa huku eosinofili zake, chembe nyeupe nyingine, zimepanda. Ukimwacha humo atakuinulia kikomo cha juu, na kesho mgonjwa kama yeye ataambiwa yuko sawa.

Hatua ya 2: Toa damu mtu akiwa ameketi na kutulia. Kamba ya mkono isizidi dakika moja. Jaza chupa ya kifuniko cha zambarau hadi kwenye mstari, kisha ipindue taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise.

Hatua ya 3: Pima siku hiyohiyo, baada ya kontroli (sampuli ya kuhakiki mashine) kukubali. Chembe sahani zikiwa chache ghafla, tazama slaidi kwanza, huenda zimeshikamana ndani ya chupa.

Hatua ya 4: Panga majibu ya kila kundi kutoka dogo hadi kubwa. Tunakata asilimia 2.5 kila upande: watu 120 jumlisha 1 ni 121, na 121 × 0.025 ni 3.025, kwa hiyo jibu la 3 ndilo kikomo cha chini, na la 118 ndilo cha juu. Jibu la ajabu usilifute kwa kuwa halikupendezi. Rudi kwenye fomu ya mhusika utafute sababu.

Hatua ya 5: Andika mwinuko wa eneo. Hemoglobini hupanda milimani, hivyo viwango vya Mbeya usivipeleke Tanga bila kuvihakiki. Huna uwezo wa kupata watu 120? Chukua viwango vya maabara inayofanana na yako, pima watu 20 wenye afya. Majibu ya watu 2 au pungufu yakitoka nje ya viwango hivyo, vitumie. Wakizidi, rudia na wengine 20.