Umenunua mchoro kwa bei ya kutupa? Soma hapa kabla hujauuza

Natengeneza fremu na kuuza picha hapa Mji Mkongwe, Bagamoyo. Mara nyingi mtu huja na mchoro alioununua elfu ishirini nyumba ilipokuwa inahamwa, akaniuliza: "Fundi, hii nitapata ngapi?" Kabla ya bei kuna kazi.

Hatua ya 1: Usiisafishe.
Wala sabuni, wala mafuta, wala kitambaa chenye maji. Hewa yetu ya pwani huvimbisha ubao, na rangi iliyokauka miaka mingi huachia. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimfutia mteja vumbi, kipande cha rangi saizi ya ukucha kikabanduka penye jicho la twiga. Mpaka leo nakikumbuka kilivyolala juu ya kitambaa.

Hatua ya 2: Geuza nyuma.
Hapa tulia. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania, alichora kwa miaka michache tu, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi alipofariki mwaka 1972. Alitumia rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi (ubao mwembamba wa kiwandani) za mraba, nyingi zikikaribia sentimita 60 kila upande. Baada yake jina lake likawa jina la mtindo mzima, kwa hiyo "ni tingatinga" haimaanishi kaichora yeye. Sahihi inaigwa kwa dakika tano. Ubao haudanganyi kirahisi: tazama kama umekolea kahawia, kama matundu ya misumari yana kutu, kama kuna lebo ya duka au namba ya penseli. Mama mmoja aliniletea ndege mzuri mwenye sahihi safi kabisa. Nyuma ubao ulikuwa mweupe, bado unanukia kiwandani. Ilinibidi nimwambie ukweli. Na ukiona tarehe ya 1975, jibu unalo.

Hatua ya 3: Piga picha.
Barazani asubuhi, bila flashi. Mbele, nyuma, sahihi, kona zote nne, na kila palipoharibika. Pima kwa sentimita.

Hatua ya 4: Andika ulivyoipata.
Nani alikuuzia, lini, kwa shilingi ngapi. Mrudie akuandikie hata karatasi ya mkono. Usiongeze chumvi, uongo mmoja ukigundulika, mnunuzi hataamini hata yaliyo kweli.

Hatua ya 5: Uliza zaidi ya mmoja.
Nyumba za mnada kama Bonhams ya London huuza sanaa ya Afrika, na unaweza kuwatumia picha kwa barua pepe wakukadirie. Uliza kamisheni ni asilimia ngapi, nani analipa usafiri na bima, bei ya chini kabisa mnayokubaliana ni ipi, na isipouzika inarudi kwa gharama ya nani. Anayekuja na keshi mkononi akisema "leo au basi", mwache aende. Mchoro hauozi.

Kama ulichonunua ni mlango wa nakshi, hiyo ni habari nyingine: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango iliyochongwa kabla ya 1940, na hautoki nchini bila kibali.

Hatua ya 6: Usiukabidhi mikono mitupu.
Karatasi iwe na vipimo, hali ya mchoro, jina la anayeuchukua, tarehe ya kuurudisha na sahihi zenu wawili. Ndipo ufunge katoni.